Ndege Imefika, Baba Hajageuzwa

Tondok Batu, Toraja
14 Septemba 2022

Ndege imetua kwetu, Rerung. Imetua kwenye uwanja mpya juu ya kilima cha Buntu Rangga, pale pale ulipokuwa ukipeleka nyati malishoni na kurudi nyumbani bila nyati. Mama yako alikuwa mstari wa mbele, mbele ya mke wa mchungaji, mbele ya Mama Tappi na mwavuli wake mpya. Nimelisema hilo kwanza kwa sababu ningeanza na salamu ningepasuka.

Sasa salamu. Nakusalimu katika jina la Bwana, mwanangu wa kwanza. Mimi mzima, goti tu linanisumbua mvua ikikaribia. Dada yako Lince mzima, anakula kama watu wawili. Mpunga wa chini umetoka vizuri, wa juu panya wamechukua zaka yao. Baba Mkubwa Palimbong anakusalimu, na meno yake mawili yaliyobaki yanakusalimu.

Baba yako bado mgonjwa. Analala chumba cha kusini, kichwa magharibi, na kila asubuhi nampelekea kahawa na sigara moja. Mwezi ujao atatimiza miaka miwili tangu pumzi imtoke. Wageni wa mjini wana neno lao kwa mtu wa namna hiyo, lakini sisi hatulitamki mpaka siku ya kumgeuza kichwa kaskazini, watoto wake wote wakiwa wamesimama hapo. Kabla ya siku hiyo ni mgonjwa tu, na mgonjwa haachwi peke yake. Nilimweleza habari za ndege. Nilimwambia, "Umesikia huo mngurumo? Hiyo ndiyo kazi ya mwanao."

Baba Mkubwa aliniuliza, "Shemeji, mdogo wangu tunamgeuza lini?" Nikamwambia, "Siku Rerung atakapofika." Akasema, "Na asipofika?" Nikamjazia kahawa mpaka juu ili mdomo wake upate kazi nyingine.

Kila mwaka unaniambia meli ni siku tano, kisha basi la kutoka Makassar usiku kucha, na likizo yenyewe siku saba. Nilikuwa nakubali, nitafanyaje, bahari sikuichimba mimi. Lakini sasa Makassar mpaka hapa ni dakika hamsini. Lince kanipigia hesabu kwenye vidole: ndege tatu, unakunywa chai Nabire, unalala kwa mama yako. Huu uwanja, mwanangu, serikali inasema ni wa watalii na kahawa. Mimi najua ni wa nani.

Mkuu wa uwanja ni kijana mpole, shati limepigwa pasi. Nilimshika mkono nikamwambia mwanangu anatengeneza ndege huko Papua. Akashtuka. Mama Tappi akaangalia pembeni. Mwanawe ni polisi tu.

Usiniambie nikupigie simu. Kwenye simu kila nikifika kwenye neno lenyewe unasema mtandao unakatika. Karatasi haikatiki.

Mama yako,
Mama Rerung


Nabire
9 Oktoba 2022

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima na chakula kipo. Mgongo unauma kidogo jioni, si wa kutia wasiwasi. Wasalimie Lince, Baba Mkubwa na meno yake.

Barua yako imefika kwa siku sita. Ya mwisho ilichukua karibu mwezi. Niliisoma nimekaa juu ya magunia ya mchele nikacheka peke yangu, wenzangu wakadhani nimepata homa.

Nimefurahi kwa ajili ya uwanja. Hapa ninaona kila siku ndege inachoweza kufanya. Huko milimani juu yetu hakuna barabara. Chumvi inaruka, mabati yanaruka, mwalimu anaruka, nguruwe anaruka akiwa amefungwa miguu na anapiga kelele mpaka anapotua. Hali ya hewa ikifunga siku nne, bei ya sabuni huko juu inapanda mara tatu. Ndege hizi ni ndogo, kwa hiyo tunapima kila kitu, hata abiria. Kuna mchungaji mmoja mnene, kila akikanyaga mizani anafumba macho kama anayebatizwa.

Barua ya nyuma uliniuliza injini inatengenezwaje. Ni habari ndefu, Mama.

Krismasi sitaweza kuja. Watu wa juu wanataka mchele wao kabla ya sikukuu na hatupewi likizo. Mwaka ujao tutaona.

Siku hizi asubuhi kukiwa na ukungu nasikia harufu ya kahawa ya nyumbani, hata kama hakuna anayechemsha. Mpelekee Baba sigara ya pili. Mwambie hiyo ni ya kwangu.

Mwanao,
Rerung


Tondok Batu
21 Novemba 2022

Mwanangu Rerung,

Bwana asifiwe. Sisi wazima, goti limepoa. Baba yako alipata sigara yako. Nguruwe jike amezaa saba, mmoja nimempa jina la mkuu wa uwanja kwa sababu naye ni msafi.

Dada yako amepata kazi. Uwanjani. Anavaa sketi ya buluu na kitambaa shingoni, anasimama nyuma ya meza anawaambia wakubwa wa Jakarta, "Mzigo wako umezidi, bwana." Nimekwenda mara nne kumwangalia. Mara ya tano alinifuata kwenye uzio akasema, "Mama, watu wananiuliza kama wewe ni msafiri." Nikamwambia, "Waambie ni mwenye meza."

Lakini ana roho ngumu huyo. Nilikupikia pa'piong ya nguruwe, nimeibanika kwenye mianzi sita, majani ya kutosha, na zile pilipili zetu za mviringo. Nikapeleka mezani kwake ikufikie. Akaweka kwenye mizani, akainusa, akasema, "Mama, hii haiendi. Inavuja." Mbele za watu! Binti niliyemnyonyesha ananipimia mianzi. Tuliila jioni, mimi kwa hasira, yeye kwa raha.

Ngoja nikueleze yanayotokea, usije ukafika ukapotea. Mama Tappi amepaka rangi vyumba viwili, wageni wanalala humo wanalipa. Vijana wa bondeni wanalima pilipili kwa shehena. Zinachumwa asubuhi, jioni ziko Makassar hazijanyauka. Kahawa ya Baba Mkubwa imewekwa kwenye mfuko wenye picha ya nyumba yetu ya ukoo, na mzee anatembea na mfuko mtupu kuwaonyesha watu. Upande mwingine, mabasi yale makubwa yamepungua, na Bongga aliyekuwa dereva anakaa kibarazani anazitukana ndege zikipita. Jambo jingine ambalo sikulitegemea: ndege inashusha wageni kumi, halafu inapanda na vijana wetu kumi. Zamani mtoto akitaka kuondoka alikuwa na usiku mzima kwenye basi wa kubadili mawazo. Sasa dakika hamsini, ameshakwenda.

Na watu wanaokuja kwenye mazishi wanafika Ijumaa, wanaondoka Jumanne. Zamani mtu akija alikaa mpaka tukamchoka. Natamani kumchoka mtu, Rerung.

Sasa sikiliza. Mkuu wa uwanja anatafuta fundi wa ndege mwenye asili ya hapa. Nimempa jina lako. Amesema ulete vyeti vyako tu. Nimeshatangaza kwenye umoja wa wanawake kanisani, wakapiga makofi. Utafanya kazi hatua mia tano kutoka kwenye sufuria yangu.

Mama yako


Nabire
12 Desemba 2022

Mama,

Shikamoo. Mzima. Poleni na mvua.

Naomba usiandike jina langu popote. Mwambie mkuu wa uwanja asinisubiri. Tafadhali.

Nimetuma shuka kwa ajili ya Baba na pipi za Lince. Krismasi njema.

Rerung


Tondok Batu
27 Februari 2023

Mwanangu,

Salamu ni zile zile. Wote wazima.

Krismasi ilipita. Nilitandika kitanda chako, nikakitandua. Barua mbili nimekuandikia, zote nilizitia jikoni kwenye moto kabla hazijatoka, kwa sababu zilikuwa na maneno ambayo mama akiyaandika hayafutiki.

Shuka la baba yako ni zuri. Nimemfunika.

Baba Mkubwa amekuja na wazee wanne. Safari hii kahawa haikuwanyamazisha. Alisema, "Shemeji, ndugu walioko Kalimantan wanauliza siku. Walioko Jakarta wanauliza siku. Siku hizi tiketi inakatwa mapema, si kama zamani mtu anafunga mzigo anaondoka. Wewe unatuambia Rerung, Rerung. Mdogo wangu amelala kati ya magharibi na kaskazini miaka miwili na nusu. Unataka achoke?"

Nikamwambia hatageuzwa bila mtoto wake wa kwanza. Nikamwambia hata pumzi yangu nayo ikitoka, mtatulaza wawili hapo kusini tumsubiri pamoja.

Akaweka kikombe chini, akasema taratibu, "Huyo mtoto ana nini na sisi?"

Swali hilo nakuuliza wewe. Nimekukosea nini? Ulikuwa ukisema ni bahari, nikaamini. Ukasema barabara, nikaamini. Sasa ndege inapita juu ya bati langu kila Jumanne na Ijumaa, na kila ikipita natoka nje na kijiko mkononi kama mjinga. Lince akirudi simuulizi kitu. Naye haniambii kitu. Anavua kitambaa chake shingoni, tunakula.

Mkuu wa uwanja ameajiri fundi kutoka Makassar.

Niandikie ukweli, hata ukiwa na mke huko na watoto sita. Nitawafundisha kula pilipili.

Mama yako


Nabire
15 Machi 2023

Mama yangu,

Shikamoo. Sina mke, sina watoto sita.

Mimi si fundi, Mama. Sijawahi kuwa fundi. Nilipofika hapa miaka saba iliyopita niliomba kazi kwenye karakana, wakanipa ufagio kwa siku tatu, halafu wakapata mtu mwingine. Ile picha uliyoitundika ukutani, nimeshika spana, ile spana niliiazima. Mimi ni mpakiaji. Ninabeba magunia kutoka kwenye gari mpaka kwenye ndege. Nimekuwa nikibeba tangu mwaka huo.

Nilikuandikia, "Nimepata kazi kwenye ndege." Wewe ukajibu, "Fundi wangu." Sikukukatalia. Kila barua ukaongeza kidogo, na mimi kila barua nikanyamaza kidogo. Siulaumu mdomo wako. Mdomo wangu ndio ulikuwa na kazi ya kusema hapana.

Kuna jambo baya zaidi. Baba alipoacha kupumua nilikuwa na likizo ya wiki mbili. Meli ilikuwepo. Nilifunga begi. Nikawaona akilini ndugu wote wamekaa, Baba Mkubwa ananiuliza mbele ya watu injini ina nini ndani, na wewe unatabasamu ukingoja jibu langu. Nikalifungua begi. Wiki mbili zile nililala kwenye godoro nikitazama dari.

Halafu mkajengewa uwanja. Nilikuwa najificha nyuma ya mlima wetu, Mama, na serikali ikaja ikaukata kichwa.

Kazi yenyewe siionei aibu ninapokuwa naifanya. Ndege ndogo ukiiwekea mzigo vibaya inainua pua au inalalia tumbo, na viwanja vya huko juu ni vifupi, upande mmoja ukuta wa jiwe, upande mwingine korongo. Rubani wetu mzee haondoki mpaka aniulize, "Rerung, imekaa?" Nikisema imekaa, anawasha. Aibu inanipata jioni, nikichukua karatasi kukuandikia.

Mgeuzeni Baba. Msinisubiri. Nitasimama hapa siku hiyo nielekee kaskazini.

Rerung


Tondok Batu
8 Mei 2023

Rerung mwanangu,

Barua yako ilifika kwa siku tano. Mimi nimekaa nayo wiki saba. Ndege haina la kufanya hapo.

Sisi wazima. Goti limerudi. Nguruwe mkuu wa uwanja amenenepa.

Wiki ya kwanza nilikasirika. Nilipasua kuni zote za msimu. Nilishusha ile picha, nikaitundika tena, kwa sababu sura ni yako hata kama spana si yako. Wiki ya pili niliona haya, na haya ya mtu mwenye mdomo kama wangu ni kubwa, haikai kwenye nyumba moja. Sikwenda kanisani. Nilisema goti.

Halafu Ijumaa moja nilipanda uwanjani nikakaa kwenye uzio. Lince akaja. "Mama, leo unamtafuta nani?" Nikamwambia, "Namtazama kaka yako." Akatazama kule ninakotazama. Wanaume watatu walikuwa wanapakia masanduku ya pilipili. Mmoja hakubeba, alikuwa anaonyesha kwa mkono, hili mbele, hili nyuma, lile litoe. Wote wanamtii, hata wale wenye kofia. Nikamuuliza Lince, huyu ni nani. Akasema, "Huyo akikosea, Mama, tumekwisha wote." Akakaza kitambaa chake, akasema, "Nilikuwa najua. Rafiki zangu wa kazini huongea na wa Nabire. Nilishindwa kukuambia." Nikamwuliza tangu lini. Akasema tangu siku ya pa'piong.

Nilimsomea baba yako barua yako, yote, pamoja na ile sehemu ya begi. Nilikaa naye mpaka kahawa ikapoa. Mimi ndiye niliyetaka kununa. Yeye hakununa, unamjua.

Jumapili nikaenda kanisani. Baada ya ibada nikasimama kwenye umoja wa wanawake nikasema, "Nilisema mwanangu ni fundi. Si fundi. Anapakia ndege. Nilikosea kwa miaka saba." Mama Tappi akarekebisha mwavuli wake akasema, "Tulijua, Mama Rerung. Mwanangu alihamishiwa Nabire mwaka juzi, alimwona na gunia begani. Kaa chini, chai inapoa." Hivyo tu. Mwaka juzi, Rerung. Kila nilipokuwa namwambia fundi, fundi, yule mwanamke alikuwa ananisikiliza tu na kutikisa kichwa. Sikujua ana kifua cha kuweka kitu namna ile. Nimempelekea nguruwe mdogo, si mkuu wa uwanja, mwingine.

Kwa hiyo hayupo mtu wa kukuuliza injini ina nini ndani. Wote wanajua hujui.

Nilimwuliza mkuu wa uwanja kuhusu wapakiaji. Alinionyesha karatasi, majina arobaini kwa nafasi nne, wengine wana digrii. Sikuandika jina lako. Ukitaka utaliandika mwenyewe, kwa mkono wako, na maelezo utakayoyapenda wewe. Usipotaka, usiandike. Ukisema unarudi Nabire Jumanne, sitakuficha viatu. Nitalia, lakini pembeni.

Nyati wa kuchinja mazishini usilete. Nyati wapo, ndugu wamegawana. Jambo moja tu Baba Mkubwa amelitaka kwako. Unajua njia ya kwenda kwenye makaburi ya mwambani ilivyo, imesimama kama ngazi, na vijana wa siku hizi wanabeba kwa makelele bila akili. Mwaka jana walimbeba bibi mmoja wa kijiji cha Lemo, jeneza likayumba mpaka akakaribia kutangulia mwenyewe. Baba yako ni mrefu na jeneza lake ni la mti mzito. Baba Mkubwa alisoma barua yako mara mbili, miwani kwenye ncha ya pua, akasema, "Huyu ndiye wa kuwapanga wabebaji. Aseme nani mbele, nani nyuma. Hatutanyanyua mpaka yeye aseme imekaa."

Ndugu wa Kalimantan wamekata tiketi, wa Jakarta wamekata, Baba Mkubwa mwenyewe amewapigia simu mmoja mmoja. Tutamgeuza kichwa kaskazini Jumamosi jua likichomoza, na hapo ndipo nitalia kama mjane, maana mpaka sasa bado nina mume mgonjwa. Lince atakuwa mezani na kitambaa chake, mimi nitakuwa kwenye uzio, na safari hii simtafuti mtu mwingine. Siku ya wote kufika ni Ijumaa, tarehe kumi na nne Julai.

Mama yako